Aliyekaza Klipu

Jumanne ile ilianza vizuri tu kwa Gervasi, fundi magari wa Ng'ambo, Tabora. Alikunywa uji wake, akamuaga mkewe Esperansi, akarudi mlangoni mara mbili kumchungulia mtoto. Reveriani alikuwa na wiki sita. Walikuwa wamemngoja miaka minane, miaka ya novena na mizizi na maneno ya ndugu, na sasa nyumba nzima ilimzunguka yeye. Mafundi wenzake walimtania kwamba Gervasi hawezi kufungua nati bila kupiga simu kuuliza kama mtoto amenyonya.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa mtaa wa Gongoni, kwa Mektilda, mama mtu mzima aliyeishi peke yake katika nyumba ya marehemu baba yake, Mzee Lugembe. Uani palikuwa na Pijo 504 ya mzee, tena si ya kabureta. Hii ilikuwa ya injeksheni, yenye pampu ya umeme chini kabisa, karibu na tanki. Tabora nzima hutazipata mbili. Miaka arobaini iliyopita mzee aliifungua mipira ya ile pampu kwa mkono wake, akazifunga ncha kwa kitambaa cheupe, na mpaka anaingia kaburini hakuiunganisha tena. Mektilda alitaka gari liondoke uani kwake, ila kila mnunuzi aliyekuja kulitazama alisema kwanza asikie injini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Ananyonya kama ndama."

Gervasi akagonga tanki, likalia kama debe tupu. Akamulika ndani kwa tochi ya simu: kutu, hata tone hakuna. Mafuta tutatia mwishoni, alisema. Akalipiga gari jeki, akaweka magogo, akalala chali chini yake. Mipira ya zamani ilikuwa imepasukapasuka, akaikata na kuvalisha mipya, mmoja wa kuvuta kutoka kwenye tanki na mmoja wa kusukuma kwenda mbele. Ikabaki kukaza klipu, zile pete za chuma zinazobana mpira.

Mektilda akachuchumaa kando ya gurudumu. "Fundi, hizo klipu niachie nikaze mimi."

"Wewe, mama?"

"Baba hakuwa anakubali fundi azikaze. Alikuwa anasema anayekaza ndiye mwenye gari."

Gervasi akacheka huko huko chini. "Ukikaza wewe ikavuja, watasema Gervasi alikuwa amelewa. Kaa kivulini, mama, kazi hii ina wenyewe." Akakaza ya kwanza. Akakaza ya pili, akaongeza na robo mzunguko ya sifa. Mektilda alinyoosha mkono kumzuia, akaurudisha. Kiburi cha ufundi kimewaponza wengi, na wengi wao walikuwa mafundi wazuri.

Ilikuwa saa sita mchana, jua la Oktoba limesimama utosini. Gervasi aliuingiza mdomo wa mpira wa mbele katika chupa ya maji iliyokuwa tupu, akaunga betri aliyokuja nayo, akafungua swichi. Alitaka kusikia tu kama pampu inazunguka. Ikazunguka. Ikavuma taratibu, kama nyuki ndani ya mzinga, naye akatabasamu.

Kisha chupa ikaanza kujaa.

Ilikuwa petroli safi, ya manjano, mpya kabisa. Akaigusa chupa. Ilikuwa na joto la mwili wa mtu.

"Mama, umetia mafuta saa ngapi?"

"Sijatia."

Chupa ikafika nusu. Simu yake ikalia. Alikuwa Esperansi, ananong'ona.

"Baba Reve, maziwa yamekatika."

"Yamekatikaje?"

"Mtoto alikuwa ananyonya, yakakatika. Titi limelala kama mfuko mtupu. Na mimi ulimi unanata. Nimekunywa maji makopo mawili, siyaoni yanakokwenda."

Gervasi akazima swichi. Pampu ikaendelea kuvuma. Akachomoa waya wa betri. Ikaendelea.

"Mama Mektilda. Gari hili linakula nini?"

Mektilda alijibu kwa sauti ndogo, macho yako chini. Baada ya vita vya Kagera petroli ilipoadimika, watu walilala kwenye foleni na madebe yao. Gari la baba yake halikuonekana kwenye foleni hata siku moja. Lilikwenda Ujiji na kurudi, kwa njia ile ile waliyopita wapagazi wa zamani na pembe za ndovu vichwani, wiki baada ya wiki. "Akakauka mama mkubwa, mke wa kwanza wa baba. Halafu akakauka mama yangu. Siku ya kumzika, jeneza walilibeba watu wawili tu. Baba akabaki na mimi peke yangu, ndipo akaifungua mipira."

"Na ulijua!"

"Ndiyo maana nilitaka nikaze mimi, mwanangu. Linawanywa watu wa nyumba ya aliyekaza, na mimi sina mtu ndani."

Gervasi akajitupa chini ya gari. Akatia bisibisi, akazungusha kufungua. Klipu ikazidi kubana. Akatoa kisu, akaukata mpira. Petroli ikammwagikia kifuani, ya vuguvugu. Haikukoma. Simu ikalia tena. Safari hii hakusikia maneno. Alisikia pumzi nzito, na nyuma yake mtoto akilia kwa sauti iliyokwaruza.

Akatoka chini ya gari mbio. Akaikamata chupa. Akafungua mdomo wa tanki. Akamimina.

"Unafanya nini?"

"Ninarudisha! Ni ya mke wangu, ninarudisha!"

Alimimina mpaka tone la mwisho. Akavua shati, akalikamulia humo humo. Mchanga uliolowa akauzoa kwa viganja, akauingiza ndani ya tanki, na Mektilda akapiga magoti wakazoa pamoja, wote wawili wakilia. Pampu ikapunguza mwendo. Ikakohoa. Ikanyamaza. Klipu zile akazifungua kwa vidole vitupu.

Bodaboda ilimfikisha Ng'ambo kifua wazi, amejaa udongo. Alimkuta Esperansi ameegemea ukuta, midomo imepasuka, jirani yao Shamila akimnywesha maji kwa kijiko. Lakini kitenge chake kilikuwa kimelowa kifuani, na mtoto alikuwa ananyonya. Gervasi alikaa sakafuni akalia kwa furaha mbele ya watu, wala hakuona haya.

Wiki iliyofuata walimpeleka Reveriani kliniki kupimwa. Uzito ulikuwa mzuri. Muuguzi akamwinamia, akavuta pumzi, akakunja uso.

"Mama, huyu mtoto mnamlaza chumba kimoja na pikipiki?"

Hawana pikipiki. Esperansi akasema labda ni nguo za baba yake. Lakini zile nguo Gervasi alikuwa ameshazitupa.

Sasa mtoto ana miezi mitano, ananenepa, anacheka na kila mtu. Ameogeshwa kwa kila sabuni iliyopo dukani, na bado ukimbeba unaisikia ile harufu ya petroli kwenye pumzi yake. Chakula Esperansi anapikia uani kwa Shamila. Umeme ukikatika, wanakaa gizani, na mgeni akifika anaombwa aache kiberiti chake nje.