Masale ya Mpakani

Kila asubuhi kabla ya shule, Aikande alikatakata mgomba, akaumwaga horini na kumsalimia ng'ombe. "Umeamkaje leo?" Ng'ombe alitafuna tu. Hakukuwa na mwingine wa kusalimiana naye, kwa maana Bibi alikuwa amekwisha kwenda kwenye kahawa.

Bei ya kahawa iliposhuka, Godwin, baba yake Aikande, alihamia Dar es Salaam kuuza mitumba, akaenda na mkewe na watoto wadogo. Aikande akaachwa Machame amtunze Bibi. Krismasi ilipofika wote walirudi, nyumba ikajaa vicheko, kisha wakaondoka na kimya kikarudi. Watu walimsifu kuwa ni mtoto mtulivu. Mtulivu! Msichana wa watu alikuwa mpweke, na hakuna aliyemwuliza.

Siku moja baada ya masika, wakaja wapimaji waliotafuta maji yaliyo chini sana ardhini. Kiongozi wao, dada mmoja mcheshi aitwaye Evelyn, alipita nyumba kwa nyumba kuomba ruhusa ya kuingia vihambani, yaani kwenye mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba.

"Tunatandaza waya, tunapiga chini kwa nyundo, halafu mashine inasikiliza mtikisiko unavyopita ardhini," alimweleza Bibi. Kisha akamgeukia Aikande. "Tukipita hapa kwenu, mdogo wangu, utanishikia waya. Sawa?"

"Sawa, dada!" Jamani, furaha aliyokuwa nayo! Siku nzima aliimba peke yake.

Jumamosi wenye vihamba walikutana na wapimaji uani kwa jirani yao, Mzee Filemon. Maneno yalikuwa mengi.

"Kahawa yangu isikanyagwe!" alisema mmoja.

"Na makaburi ya wazee wetu je?" akadakia mwingine.

Evelyn aliwasikiliza wote. Mwishowe wakapatana kwamba wapimaji wapite mipakani tu, wakifuata masale, ile mimea ya majani marefu ambayo Wachagga huipanda kuonyesha ardhi ya mtu inapoishia. Pakiwa na ugomvi wowote wa mpaka, wasiingie kabisa.

Aikande alinyong'onyea. Mpaka wa Bibi na Mzee Filemon ulikuwa huko bondeni, mbali na nyumba. Wapimaji wangepita bila yeye kuona hata kofia zao.

Jumatatu Bibi alipokwenda sokoni, Aikande alishuka bondeni, akang'oa masale machanga, akayapanda upya kando ya banda la ng'ombe, ili wapimaji wapite karibu na nyumba. Kung'oa isale la mpakani ni mwiko, na alilijua hilo. Lakini alijiambia kwamba hajamwibia mtu ardhi. Kumbe alikuwa amegawa ya Bibi!

Bibi alipoyaona masale, hakuingia hata ndani. Alikwenda moja kwa moja kwa jirani, Aikande akimfuata nyuma.

"Filemon! Kumbe kikao kilikuwa cha kuninyang'anya kihamba! Umeona mimi ni mjane na mwanangu yuko mbali?"

Mzee Filemon alivua kofia. "Mama Godwin, Mungu ananiona. Sijagusa isale."

"Basi yametembea yenyewe! Masale yana miguu siku hizi?"

Aikande alisimama palepale nyuma ya Bibi. Neno moja tu lingetosha. Hakulisema.

Mzee Filemon alikuwa na desturi ya kupita jioni, akawapasulia kuni na kumtania Bibi kuhusu mtori wake mzito wa ndizi. Jioni ile hakuja, wala iliyofuata. Bibi alipika, akakitazama chakula, akakisukuma kando. Evelyn naye aliposikia habari alisikitika. "Tulipatana pasiwe na ugomvi," alisema. "Kesho tunahamia kijiji kingine."

Sasa nyumba ilikuwa kimya kuliko zamani, na safari hii Aikande alijua ni nani aliyeuleta ukimya huo. Alilia bandani mpaka akachoka. Kisha akachuma jani la isale, akalifunga fundo kama alivyoona wakubwa wakifanya wanapoomba msamaha, akaenda kwa jirani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Bibi yako amekutuma?"

"Hapana. Ni mimi niliyehamisha masale." Akaeleza yote, machozi yakimtoka.

Mzee Filemon alilitazama lile jani. Anayekuja na isale harudishwi hivihivi. Akalipokea. "Hili ni lako," alisema. "Bibi yako naye ataleta la kwake." Akacheka kidogo.

Aikande alipomweleza Bibi ukweli, Bibi naye alileta la kwake siku ileile. "Ulimi wangu umeniponza, Filemon. Nisamehe." Wote watatu wakarudisha masale bondeni, na Mzee Filemon akawahi kumzuia Evelyn asiondoke.

Nyundo zilipoanza kusikika, Aikande alikuwa amejikunyata jikoni, akidhani kukosa kushika waya ndiyo adhabu yake.

"Unangoja nini?" aliuliza Bibi. "Nenda ukashike waya."

"Huko bondeni, Bibi?"

"Kwani bondeni ni Ulaya? Ungeniomba tangu mwanzo, ningekuruhusu. Ulihamisha mpaka wa watu kwa ajili ya waya tu?"

Aikande aliinamisha kichwa. "Nilitaka mtu wa kuongea naye. Huwa naongea na ng'ombe."

Bibi aliketi kwenye kigoda taratibu. "Ee Ruwa," alisema kwa sauti ndogo, akimwita Mungu kwa Kichagga. "Mimi naongea na kahawa. Nilidhani wewe umezoea."

Akamvuta mjukuu wake karibu, akamfuta uso kwa pindo la kanga. "Sikia, Aikande. Upweke si kosa, wala kuusema si aibu. Kosa ni kuuficha kwa uongo. Ulitaka kupata mtu mmoja, na kidogo utupoteze sote."