Kreti ya Mjomba

Kila akitoka shule, Chiriku alikuwa na kazi moja: kusugua kreti ya baiskeli ya mjomba wake kwa sabuni na maji ya moto. Asubuhi mjomba aliitumia kubebea samaki, jioni nguo.

Nguo zilitoka kwa mama yake Chiriku, dobi, na kwa jirani yao, fundi cherehani. Hao wawili na mjomba waliunganisha huduma zao kwenye soko la mtandaoni, kupitia simu, ambako watu huuziana wenyewe kwa wenyewe, bila tajiri wala dalali. Mteja aliagiza mara moja tu: fundi akashona, dobi akafua, mjomba akapeleka. Nyota za sifa alizotoa mteja zilikuwa za wote.

Siku hiyo Chiriku aliona magamba na ute wa kijani kwenye pembe za kreti. Akaziba pua. Kama alivyofanya jana yake na juzi yake, akatandika gazeti juu ya uchafu, akaenda kuruka kamba.

Jioni, mjomba alipokwisha kupeleka nguo, muuguzi, mteja wao, alikuja ameshika sare yake nyeupe kwa ncha za vidole. Ilikuwa na madoa ya maji ya samaki, na funza alitambaa kwenye kola. Mama alinusa, akageuka kutema mate.

"Nivae hii mbele ya wagonjwa?" muuguzi aliuliza. "Nitatafuta wengine."

"Mimi nilishona tu," fundi alisema.

"Nami niliifua ikatakata," alisema mama. Akamtazama mjomba. "Kaka, hapa hakuna bosi wa kutuamua. Itabidi tukutoe kwenye kundi."

"Kreti huoshwa kila siku," mjomba alijibu taratibu. Hakumtazama Chiriku.

Chiriku, msichana asiyeishiwa maneno, alisema machache tu. "Sikuiosha, mama. Tangu juzi natandika gazeti."

Mama alimpa brashi. Chiriku alisugua, akachokonoa ute kwa kijiti. Mama alifua sare upya, na mjomba akanunua kreti nyingine ya nguo tu.

Kesho yake muuguzi alinusa kreti kwanza, kisha sare. "Haya. Nitaendelea nanyi."

Alipoondoka, mama alimketisha Chiriku. "Mwanangu, samaki mmoja akioza..."

"Chiriku hutandika gazeti," fundi alidakia.

Mama hakucheka. "Kazi zikiunganishwa, mteja haoni watu watatu, anaona mmoja. Ulichofunika wewe kimetufanya sote tunuke. Uchafu hufutwa, haufunikwi."