Nusu Kidonge cha Jioni

Kisahihishi hakikuwa kikubwa kuliko nyuki, na kilielea juu ya bega la kila mwanafunzi bila kutoa sauti. Mzee Kasanda alipomaliza mstari akasahau nuktamkato, Kisahihishi kiliiweka kabla kidole chake hakijainuka. Alipofungua mabano asiyafunge, yalifungwa. Alipotaja kitu ambacho hakukitambulisha mwanzoni, kilitambulishwa huko juu kimyakimya, kama mtu anavyokuokotea leso bila kukutahayarisha. Mzee akabonyeza kitufe cha kuendesha, na programu ikaenda.

"Mara ya kwanza tu!" alisema, akigeuka kuwatazama wenzake. "Mmeona? Mara ya kwanza tu!"

"Hata mimi," alijibu Mzee Malogo, mchinjaji mstaafu aliyeketi meza ya pili. "Usijione peke yako."

Kweli, katika Ukumbi wa Wanaoanza, pale Ipagala, Dodoma, mwaka 2093, kila mtu alifaulu mara ya kwanza tu. Wanafunzi walikuwa mia mbili, na wengi wao walikuwa na wajukuu. Si kwamba uzeeni waliwashwa na hamu ya kuandika programu. Iliyowaleta ni sheria ya jiji. Nyumba nyingi zilikuwa na kitumishi, mashine yenye mikono miwili na magurudumu, inayofua, inayoinua mgonjwa, inayotoa dawa kwa saa zake. Ubongo wa vitumishi uliandikwa kwa Java, lugha ya kompyuta yenye umri mkubwa kuliko yeyote ukumbini, kwa kuwa mafundi wa mwanzo waliijua hiyo na waliowafuata hawakuthubutu kuubomoa. Jiji likaamua kwamba hakuna kitumishi kitakachokaa katika nyumba isiyo na mwenyeji hata mmoja anayeweza kuusoma ubongo wake. Ndivyo wachinjaji, washonaji na madereva wa treni wastaafu walivyojikuta wakimenyana na Java.

Mhandisi Nyamizi Kasanda alisimama mlangoni akimtazama baba yake anavyojidai, na moyo wake ukajaa raha. Kisahihishi kilikuwa kazi ya mikono yake. Kabla ya kukibuni alikaa miaka sita kwenye meza ya msaada ya ukumbi huohuo, akijibu maswali yaleyale kumi na moja kila siku iendayo kwa Mungu. Mbona imeniambia hakuna kitu, na mimi nimeweka? Mbona imeniruka, haikungoja niandike jina langu? Mbona majina mawili yanafanana kabisa, yenyewe inasema hayafanani? Maswali hayakumchosha. Kilichomchosha ni kuwaona watu wazima, waliozaa na kulea, wakitokwa na machozi mbele ya mstari mwekundu wa kuonyesha kosa, kisha wakichukua mikoba yao wasirudi tena. Aliwapenda wale watu. Akaapa kwamba mstari mwekundu hautamwonea mtu tena.

Mipaka aliiweka. Kisahihishi kilirekebisha kosa linaloizuia programu isiende, basi. Hesabu za mwenye nyumba hakikuzigusa, kwa sababu sheria ilikataza mashine kumchagulia mtu nyuzijoto za maji yake ya kuoga au kipimo cha dawa yake. Nyamizi aliona mpaka huo ni wa haki kabisa, akalala usingizi wake vizuri.

Jumamosi alasiri alikwenda kwa wazazi wake. Mama yake alikuwa kitandani karibu na dirisha, mito mitatu mgongoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Huko kazini hawawapi chakula?"

Moyo wa mama ulikuwa umechoka tangu mwaka jana, na mwili wake ulikuwa ukihifadhi maji. Kitumishi ndicho kilichomgeuza, kikamkalisha, kikamletea dawa. Mwenyewe alikiita Mpwa, maana, alisema, kilikuwa kitiifu kuliko wapwa zake wote wa damu. Nyamizi aliketi pembeni ya kitanda, akafunua shuka amkande miguu kama alivyozoea. Mkono ukasita. Miguu ilikuwa imevimba mpaka vifundo havionekani, na alipobonyeza kwa kidole, kishimo kilibaki palepale.

"Hii imeanza lini?"

"Aa, joto tu hilo."

"Mama, joto gani na upepo wote huu wa Dodoma?"

Baba yake aliingia na kioo chake cha kuandikia kwapani, uso unang'aa. "Umemwona mama yako? Sasa njoo uone kazi ya mwanamume." Alieleza kwamba siku tisa zilizopita daktari alibadilisha dawa ya kupunguza maji mwilini. Zamani ilikuwa kidonge kimoja asubuhi. Sasa ni kimoja asubuhi na nusu jioni. "Kituo cha afya walitaka kumtuma fundi. Nikawaambia, fundi wa nini? Mimi mwenyewe nipo! Nikakaa hapa na Kisahihishi chako, nikaandika, nikaendesha. Mara ya kwanza tu!"

"Na jioni huwa anapewa?"

"Kila siku, saa kumi na mbili kamili. Nasimama hapahapa nikiangalia. Mpwa anamlisha kwa kijiko, halafu anasema maneno niliyomwandikia mimi. Hebu ngoja uyasikie, utacheka."

Nyamizi aliomba kioo. Programu ilikuwa fupi na safi, mpaka alipofika mstari wa thelathini na moja. Aliona kosa mara moja. Alikuwa amelijibu swali hilo mara elfu kwenye meza ya msaada. Ilikuwa ni kunyoosha kidole tu.

Hakunyoosha. Aliona kwamba akimsahihishia baba yake sasa, atakuwa amefanya tena kilekile ambacho mashine yake imefanya kwa miezi mitatu. Alikichukua Kisahihishi kilichoelea juu ya bega la mzee, akakizima, akakitia mfukoni.

"Baba, nifafanulie mstari huu."

"Huo?" Mzee alisogeza miwani. "Huo unapima dawa ya jioni."

"Unapimaje?"

Mzee Kasanda aliutazama mstari muda mrefu. Furaha ilikuwa inamtoka usoni kidogokidogo, na Nyamizi aliumia kuiona ikitoka. "Mama," alisema mwishowe, akimwita binti yake kama alivyomwita tangu akiwa mchanga, "ninavyojua mimi, nimeandika na imekubali. Sasa imekubali vipi, hayo nilidhani unajua wewe."

"Pale kwenye meza ya msaada tulikuwa tunauliza mambo matatu. Umefanya nini, umetegemea nini, na umepata nini. Tuanze. Umefanya nini?"

"Nimeigawanya moja kwa mbili."

"Ukategemea nini?"

"Nusu! Kwani moja ukigawa kwa mbili inakuwa ngapi kwenu wasomi?"

"Umepata nini?"

"Nusu," alisema mzee, halafu akaurudia mstari kwa macho. Alikuwa mtu mkweli. "Sijui. Sijawahi kuangalia."

"Iambie ikuonyeshe."

Aliandika agizo la kuonyesha jibu, polepole, kwa kidole kimoja, kama mtu anayevuka mto usiku bila mwenzake. Akabonyeza. Kioo kikatoa mstari mwekundu, wa kwanza maishani mwake. Mzee aliruka kwenye kiti.

"Imekasirika!"

"Haijakasirika, baba. Isome."

"Inasema... mstari wa thelathini na mbili... ilitegemea nuktamkato." Alikodoa macho. "Alaa! Kumbe inakwambia mpaka mahali penyewe?"

"Inakwambia."

"Miezi mitatu hii, nilikuwa nazisahau?"

"Nyingi, baba."

Mzee alivua miwani, akaifuta na shati, akaivaa tena. "Nyamizi, mimi nimeendesha treni miaka thelathini na minane. Abiria wangu wote walifika. Unajua kwa nini? Taa nyekundu. Ukiiona unasimama, unauliza, unasubiri. Dereva haiogopi taa nyekundu, mwanangu. Anaogopa njia ambayo mtu amezizima taa zake zote." Hakuyasema kwa hasira, na ndiyo maana yalimchoma zaidi. Nyamizi alitamani angefokewa.

Mzee aliweka nuktamkato kwa mkono wake, akabonyeza. Kioo kikaandika: sifuri.

Mzee alibonyeza tena, akidhani amekosea. Sifuri. Nyamizi alimweleza taratibu kwamba Java ukiipa namba nzima mbili ikugawie, inakurudishia namba nzima, na kipande kinachobaki inakitupa. Moja kwa mbili haifiki moja, basi inaandika sifuri na kusonga mbele, bila mstari mwekundu, maana kwake hilo si kosa. Ni mtu tu anayeweza kujua kwamba alitaka nusu.

"Siku tisa," alisema Mzee Kasanda.

Aliinuka, akaenda kwa Mpwa aliyekuwa amesimama kando ya kabati, akavuta droo ya dawa za jioni. Vidonge vilikuwa vimejipanga vizima, hakuna hata kimoja kilichokatwa. Mzee aliishika ile droo kwa mikono miwili. "Nilikuwa nasimama hapa," alisema. "Nasimama hapa nacheka kama zuzu, na mke wangu anapewa kijiko kitupu."

Ndipo wote wawili walipokumbuka kwamba aliyekuwa akilishwa kijiko hicho alikuwa anawasikiliza. Waligeuka. Mama alikuwa anatazama dirishani, akijifanya anahesabu ndege.

"Mama," Nyamizi alimwita. "Ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Mama Nyamizi," alisema mumewe, na sauti ilikuwa ya kusihi.

Mama alishusha pumzi. "Kijiko kina dawa au hakina, mdomo unajua, Baba Nyamizi. Mimi si mtoto."

"Ukawa unameza?"

"Nikawa nameza."

"Unameza nini?"

"Mate!" Alicheka kidogo, kicheko kikamkata pumzi, akangoja itulie. "Ningefanyaje? Tangu unioe hujanichemshia hata chai ya rangi. Treni, treni, treni. Leo uzeeni unaamka asubuhi unakwenda darasani kwa ajili yangu, unarudi umebeba kioo, unasimama hapo mlangoni umejikaza kama bwana harusi, Mpwa anasema, 'Pokea nusu yako, Ngolo wangu, na nusu nyingine ni mimi.' Jina langu hilo sijaitwa tangu mama yangu afariki. Nikuambie kijiko kitupu? Ukate tamaa, usirudi darasani, waje wamchukue Mpwa? Nilisema moyoni, kesho atagundua mwenyewe. Kesho ikawa kesho."

Mzee Kasanda aliketi sakafuni, hapohapo alipokuwa, droo mapajani. Nyamizi hakujua amkimbilie nani kwanza. Aliona waziwazi kwamba mama yake na mashine yake walikuwa wametenda jambo moja. Wote wawili walimpenda yule mzee, wakamfichia kosa lake, na penzi hilo lilikuwa limevimba pale kwenye miguu ya mama mpaka kidole kikaacha kishimo. Alimpigia daktari, akamweleza yote bila kupunguza neno. Daktari aliuliza kuhusu kifua na pumzi, akamwambia Mpwa apime mapigo, akasema nusu ya leo itolewe kama kawaida, wasijaribu kufidia zilizopita, na kesho asubuhi mgonjwa afikishwe kituoni.

"Haya, baba," alisema Nyamizi. "Inakaribia saa kumi na mbili."

"Andika wewe. Mimi nimeshaharibu."

"Hapana. Ni wewe."

"Na nikikosea?"

"Itakwambia. Na isipokwambia, utaiuliza."

Mzee alirudi kwenye kiti. Wakati anahangaika na mabano, Nyamizi alitoka barazani akawaandikia wanafunzi wote mia mbili kwamba kuanzia Jumatatu Kisahihishi hakitaandika tena kwa niaba ya mtu, kitauliza tu. Akaongeza kwamba meza ya msaada itafunguliwa upya, na atakayeikalia ni yeye. Alijua watamchukia kwa wiki mbili hivi. Mzee Malogo alijibu papo hapo kwamba yeye hana shida, hajawahi kukosea.

Ndani, mstari mwekundu ulitokea mara nne. Kila mara mzee aliusoma kwa sauti, neno kwa neno, akaurekebisha. Mara ya tano programu ilienda, naye hakushangilia. Aliiamuru ionyeshe jibu, akaona sifuri nukta tano, akaamuru tena, akaona vilevile, kisha akaenda kusimama kando ya kitanda, safari hii si mlangoni.

Mpwa alisogea na kijiko. Mzee aliinama akachungulia ndani yake kwa karibu sana, miwani ikakaribia kuangukia dawa. Nusu kidonge, cheupe, upande mmoja umekatwa. Alitikisa kichwa kukubali.

"Pokea nusu yako, Ngolo wangu, na nusu nyingine ni mimi," alisema Mpwa.

Mama alimeza. Uso wake ukajikunja wote, macho na pua. "Ee Mungu wangu! Chungu!"

"Umesemaje?" aliuliza mumewe, akimshika mkono, machozi yakimtiririka mpaka kwenye ndevu.

"Nimesema chungu, wewe mzee. Niletee maji."

Mpwa aligeuza magurudumu yake kwenda jikoni, lakini Mzee Kasanda alimzuia kwa mkono, akaenda kuyaleta mwenyewe.