Mjomba Hajakataa

Ijumaa mchana Magreth alikuwa uani kwake, Bigwa, akichambua mchele wa pilau ya kesho. Kesho ilikuwa sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake, Mercy, kabla ya harusi. Nyumba ilijaa harufu ya mdalasini, kwa sababu kaka yake, Thobias, alikuwa ameshuka kutoka kijijini Kinole asubuhi hiyo na furushi zima, pamoja na mikungu miwili ya ndizi.

Thobias alisubiriwa kuliko wageni wote. Kwa Waluguru kama wao, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye msemaji. Asipotamka neno la ukoo mbele ya watu, wazee husema binti hajaagwa. Tatizo lilikuwa sauti. Tangu afanyiwe upasuaji wa koo mwaka jana, sauti yake ilibaki ndogo, kama ya mtu anayenong'ona msibani.

"Usijali, kaka," Magreth alimwambia. "Nimeazima spika ya kwaya. Utasikika mpaka Kingolwira."

Spika ilikuwa nyeusi na kubwa. Ukishaichomeka kwenye umeme, inafanya kazi yenyewe, haihitaji mashine nyingine. Nyuma yake kulikuwa na vitufe vingi vya kuzungusha. Magreth hakuwa na muda wa kuvichunguza. Alivizungusha vyote mpaka mwisho. Kile cha mwangwi alikizungusha kwa heshima kabisa. Kwenye sherehe zote alizohudhuria, MC mwenye mwangwi ndiye aliyeonekana mtu mzito. Kaka yake angekosaje?

Thobias alishika maiki. Spika ikapiga mluzi mkali, kuku wakatawanyika. Mzee akajikaza, akasema maneno aliyoyaandaa.

"Sisi ukoo wa mama yake Mercy, hatujakataa."

Mwanzo wa maneno ulimezwa na ngurumo. Mwisho ukarudi na mwangwi: "Kataa... kataa... kataa..."

Jackson, mshenga wa upande wa bwana harusi, alikuwa ndiyo kwanza anaingia getini na kreti ya soda. Alisimama palepale, uso umemshuka.

"Mama Mercy, mmekataa? Shughuli si kesho?"

"Hatujakataa, baba! Ni spika!"

Ilibidi wamkalishe na kumpa maji ndipo aamini. Lakini Thobias alikuwa ameshaweka maiki mezani.

"Dada, tafuta mtu mwingine aseme. Sitaki kumharibia mtoto siku yake."

Magreth aliingiwa na hofu. Mtu mwingine angetoka wapi? Thobias ndiye mjomba pekee aliyebaki. Alijifunga khanga vizuri, akaenda mbio kwa jirani yake, Hafidha, fundi mitambo wa redio moja ya mjini.

Hafidha alikuja na kandambili zake miguuni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," Thobias aliitikia. "Umekuja kuizika hii spika?"

Hafidha alitazama nyuma ya spika, akacheka. "Mama Mercy, mchuzi huu umeutia chumvi yote ya dukani! Tuanze upya. Kwanza tunashusha kila kitu."

Alishusha sauti ya spika nzima. Akashusha chaneli ya kwanza, ambako maiki imechomekwa, na ya pili, ambako simu ya muziki imechomekwa. Vitufe vya besi, yaani sauti nzito, na vya sauti nyembamba akavirudisha katikati. Mwangwi akauzima kabisa.

"Jamani, mwangwi umeuzima?" Magreth alilalamika. "Si ataonekana mdogo?"

"Mwangwi unarudia neno la kwanza wakati la pili linatoka. Yanagongana. Kwenye wimbo kidogo unapendeza. Kwenye hotuba unatupatia 'kataa, kataa'."

Jackson aliguna. Yeye alikuwa shahidi.

"Sasa, baba, weka maiki karibu na mdomo, umbali wa vidole viwili tu. Sema kwa sauti yako ya kawaida, usijilazimishe."

Thobias alianza kuhesabu migomba yake kwenye maiki. Hafidha akapandisha chaneli ya maiki polepole. Taa nyekundu kando ya kitufe ilipowaka, akarudisha nyuma kidogo.

"Taa hii ikiwaka, sauti imezidi na itakwaruza. Isiwake. Sasa ndiyo tunapandisha sauti ya spika nzima, mpaka mtu wa nyuma asikie. Jackson, nenda kule mwisho."

"Nasikia!" Jackson alipaza sauti kutoka mwisho wa ua. "Ila kama yuko ndani ya pipa."

"Hiyo ni besi." Hafidha akaipunguza, kisha akaongeza kidogo sauti nyembamba. Maneno yakasafika.

"Na ule mluzi?" Magreth aliuliza.

"Lazima baba alisimama mbele ya spika. Maiki ikasikia spika, spika ikarudisha, wakazunguka hivyo hivyo. Asimame nyuma yake. Nayo spika tuiinue juu ya meza, isiongee na magoti ya watu. Akianza kusema, shusha muziki, usipandishe maiki."

Thobias alirudia maneno yake. Safari hii alisikia kila neno likifika, akatabasamu. Magreth alishusha pumzi ndefu. Alijisikia kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Kesho yake mchana, Thobias alisimama nyuma ya spika. Magreth mwenyewe alishusha muziki. Mzee alisema neno la ukoo taratibu, na watu mia mbili walilisikia bila kutega sikio. Alipomaliza, alimwinamia Mercy, akasahau kwamba bado ameshika maiki.

"Wakikukosea huko, mwanangu, usione aibu kurudi. Kinole kuna nafasi."

Alidhani amenong'ona. Spika ikayapeleka maneno uwanja mzima. Kule safu ya mwisho, mama wa bwana harusi akasimama na gauni lake la kitenge.

"Tumesikia, mjomba!" alijibu kwa sauti, bila maiki. "Na hatutamkosea!"

Vigelegele vikapigwa. Thobias akaangalia maiki mkononi mwake, akajua alichofanya. Magreth akakaa kitini, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, akacheka mpaka mbavu zikamuuma.