Kufuli Lililokatwa

Maiti ya Oteng Mabua ilitolewa tangini asubuhi, bado imevaa suti nyeusi ya kuzamia, mguu wa kulia umevunjika gotini.

Tangi lilikuwa limejaa. Ndivyo kazi ilivyotaka: mzamiaji azibe ufa kwa ndani, huku Francistown ikiendelea kunywa maji ya tangi la pili.

Inspekta Bontle Ramasu aliinama kwenye shimo la vali inayopeleka maji mjini. Kufuli la wazamiaji lilikuwa chini, limekatwa kwa mkasi wa kukatia chuma.

"Mtu kafungua vali Oteng akiwa ndani," alisema Tebogo, mzamiaji wa zamu ya pili. "Bomba likamvuta mguu, likambana. Mpira wa hewa ukang'oka."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya tangi, mma, garini. Nimeshavaa suti, nakula maandazi ya magwinya, nangoja zamu. Mshika kamba wake kule juu alipopiga yowe, nikapanda mbio."

Ndani ya uzio alibaki mtu mmoja wa kuhojiwa: mlinzi wa matangi, mzee Kebonang Setlhare. Bontle alimkuta kibandani, kofia magotini.

"Dumela, rra. Asubuhi ulikuwa wapi?"

"Dumela, mma. Hapa hapa. Sijabanduka."

"Hukuona mtu akienda kwenye vali?"

"Sikuona. Tena walikuwa wamepumzika. Mwenye suti alikuwa garini, anatafuna magwinya."

Bontle alichungulia dirishani. Geti. Barabara. Ukuta wa tangi.

"Nionyeshe hilo gari, rra."

Mzee aligeukia dirisha, macho yakaishia kwenye ukuta wa tangi.

"Liko nyuma ya tangi. Ukiwa hapa hulioni. Ukisimama kwenye shimo la vali, unaliona," alisema Bontle.

"Usinifanye mtoto, mma."

"Nani akufanye mtoto? U sawa na baba yangu. Ndiyo maana nakuuliza polepole. Mkasi uko wapi?"

Setlhare alisogeza miguu. Mkasi ulikuwa chini ya kiti.

"Binti yangu Sethunya amejifungua leo," alisema. "Kanipigia analia. Wodini hakuna hata tone, damu inamtoka, wanamwosha kwa maji ya chupa. Nikasema, tangi limejaa mgongoni mwangu na mwanangu anakosa maji? Nikamwona mwenye suti nje. Sikujua wako wawili."

"Kufuli lile lina maana gani?"

"Mma..."

"Lina maana gani?"

"Kwamba kuna mtu ndani."

"Mbona hukuuliza?"

"Ningeuliza, wangenikatalia."

Bontle alitoka, akapiga simu hospitali. Aliporudi, mzee alikuwa amesimama.

"Maji yalimfikia?"

"Binti yako mzima, na mtoto mzima." Bontle alisita. Angeweza kuishia hapo. "Pampu ya hospitali ndiyo iliyokufa, rra. Mabomba ya mji yalikuwa na maji muda wote. Vali yako haikuwapelekea kitu."

Mzee aliketi tena kitini.

"Mama yake Oteng yuko getini," Bontle alisema.

"Nikamwambie mwenyewe. Nakuomba."

Bontle alirudisha pingu mfukoni, akaandamana naye.

Mama alikuwa amejifunga shali mabegani, macho yamevimba. Alipomwona mzee mwenye sare ya walinzi wa matangi, alimshika mikono yote miwili.

"Dumela, rra. Ni wewe uliyemtoa mwanangu majini?"

Setlhare alijaribu kujinasua. Mama hakumwachia.

"Hapana, mma," alisema. "Ni mimi niliyemuua."