Walioitikia Idodi

Jua lilikuwa linazama nilipofika Idodi kwa Bibi Damari. Kazi yenyewe ndogo: kumrekodi kwa simu. Bibi yake mzaa mama alikamatwa akiwa mtoto, yeye na mdogo wake, wakafungwa kamba shingoni kwenye msafara wa watumwa. Yeye alitoroka. Alimsimulia Damari, na Damari hakujaliwa mtoto. Akiondoka yeye, habari yote inakwenda naye.

"Kamwene, mwanangu. Umekuja na nani?"

"Peke yangu, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Basi uwe unaitikia. Habari ya njia ile haisimuliwi kavukavu. Nikipumzika, sema eeh. Usipoitikia wewe..."

Akageukia mlangoni.

Nilikubali kwa mdomo tu. Mimi ninavyopenda rekodi safi, nianze kuguna humo ndani? Nikawa natikisa kichwa, na bibi wa watu macho yameshapata ukungu.

Akasimulia. Mdogo mtu alishikwa na homa, akaachwa kando ya njia, akiita. Kila alipopumzika, bibi aligeukia mlangoni, akasikiliza, akaendelea. Nikasikia harufu ya jasho. Jasho la watu wengi...

Alipomaliza alikuwa analia.

"Ahsante," akanong'ona. "Wote mmeitikia."

Tulikuwa wawili tu.

Wiki hiyohiyo jirani yake, Samwel, akanipigia simu: bibi amefariki. Nilikuwa chumbani kwangu Ilomba, jioni. Nikaifungua rekodi nimsikie tena.

Sauti yake haikuwemo.

Kulikuwa na kimya. Kisha, pale alipokuwa akipumzika...

"Eeh."

Wanaume. Wanawake. Na mtoto mmoja, amepwelewa na sauti kama aliyeita muda mrefu.

Niliogopa, sitaki kudanganya. Ninaishi peke yangu, sina hata wa kumgongea mlango. Ningeweza kuifuta na kulala. Lakini sasa habari ile ilikuwa imebaki kichwani mwangu tu, na yule mtoto wa kando ya njia hakuwa na mtu mwingine.

Nikaweka simu kitandani, nikabonyeza kurekodi.

"Walikuwa wawili," nikaanza, "dada na mdogo wake."

Nikapumzika. Nani wa kuniitikia?

Harufu ya jasho ikaingia kwanza. Kisha, nyuma ya mlango, sauti ya Bibi Damari, taratibu...

"Eeh."

Na chini yake, ya mtoto.

Nikaendelea kusimulia.