Jemadari na Simu ya Mkewe

Ndugu zangu, nyumba ninayowasimulia imepakana na yangu kwa ukuta mmoja, kwa hiyo haya sikuhadithiwa. Cherehani ikilia kule, mimi huku nasikia. Wakicheka, nami natabasamu bila kujua kilichowachekesha. Mke ni mshonaji wa nguo za harusi. Mume ni fundi wa kuchomelea. Mageti mengi ya mtaa huu yametoka mikononi mwake. Wana mapacha wa kike, na mimi ndiye mwalimu wao pale chekechea.

Jioni zao zilikuwa tulivu. Mama Mapacha anamalizia pindo, watoto wanachora kwa chaki sakafuni, na Baba Mapacha kajilaza mkekani, hedifoni masikioni, anacheza gemu la vita kwenye simu. Humo ndani aliitwa Jemadari. Aliongoza kikosi cha watu ambao hajawahi kuwaona kwa macho, kila mmoja na kwao, nao walimtii.

"Rudini nyuma! Linda kushoto!" alikuwa akipiga kelele.

"Jemadari," mkewe humjibu, "vita ikiisha, kuna ndoo hazina maji."

Msimcheke. Mtu anayeshinda juani akigombezwa kwamba geti limechelewa, kisha jioni akapata mahali anapoitwa mkuu, lazima apapende.

Siku moja alifungua gemu akakuta maandishi: akaunti yako imefungwa kwa kukiuka masharti. Masharti yapi? Haikusemwa. Akaandikia huduma kwa wateja, akajibiwa papo hapo: "Asante kwa kuwasiliana nasi. Tunakuthamini." Akaandika tena, akathaminiwa tena. Alipobonyeza mahali pa kupeleka malalamiko, akaambiwa kwanza aingie kwenye akaunti yake. Ile ile iliyofungwa! Ni kama kufungiwa nje ya nyumba, halafu uambiwe ufunguo uko mezani, ingia uuchukue.

"Kwani huko hakuna mtu?" mkewe aliuliza.

"Kuna mashine, kazi yake kushukuru."

Akawa mtu wa kununa. Chakula hakipiti kooni, na kazini anachomelea bawaba upande usio wake. Akaenda kumwaga kilio chake kwenye jukwaa la wachezaji, na hapo ndipo alipojitokeza mtu anayejiita Msaidizi. Maneno yake yalikuwa laini kama pamba. Alisema anafahamiana na wahusika, na kwamba amewahi kufungulia wengi. "Namba yako wameshaitia doa," alimwandikia. "Nipe ya mtu wa nyumbani kwako. Zitaingia tarakimu sita, unisomee upesi."

Mama Mapacha alikuwa chumba cha ndani akimpima bibi harusi. Simu yake ilikuwa juu ya meza ya cherehani. Jemadari akampa Msaidizi namba ya mkewe, akaichukua simu, tarakimu zikaingia, akamsomea, akairudisha. Hata jasho halikumtoka.

Muda si muda mkewe akatoka na sindano mdomoni. "Baba Mapacha, mbona simu imenitoa? Siingii kwenye akaunti yangu."

"Mtandao tu huo. Utatulia."

Huo ndio uongo wa kwanza, na wa kwanza huwa mwepesi.

Sasa nisikilizeni vizuri. Akaunti ile ya kutumiana ujumbe, ambayo tarakimu zile zilimfungulia Msaidizi, ndiyo iliyokuwa duka lake. Humo alipokea wateja, na wale wa mbali walimtumia picha zao wakiwa na nguo nyepesi, tepu kiunoni, ili alione umbo kabla ya kukata kitambaa. Walimwamini kama dada. Mimi mwenyewe nilimtumia yangu nikiwa safarini, mdogo wangu alipokuwa akiolewa.

Kesho yake, akiwa karakanani, Jemadari akapokea picha hizo moja baada ya nyingine. Chini yake, Msaidizi akaandika: "Hawa ni wake za watu. Ukinitii, zitakaa kwangu tu. Usiponitii, zitafika kwa waume zao, na nitawaambia aliyenipa."

Alichotaka ni watu wa kikosi. Jemadari awasiliane nao mmoja mmoja, awaambie akaunti zao ziko hatarini, wamtumie namba za siri awalinde. Nani angemkatalia Jemadari? Akaanza na kijana mmoja mwanafunzi. Kijana akatuma bila kuuliza, tena akashukuru. Akafuata mwingine, na mwingine. Kila alipodhani amemaliza, Msaidizi alisema bado.

Nyumbani kukawa kama chungu kilichofunikwa. Mkewe alihangaika kuandikia wenye mtandao, nao wakamtaka athibitishe kuwa yeye ndiye yeye, kwa kutumia akaunti aliyonyang'anywa. Alikuja kwangu analia na kucheka kwa pamoja. "Mwalimu, hebu niangalie. Mimi si mimi?" Mumewe alikuwa kasimama mlangoni, anasikia. Aliinamisha kichwa, akaenda kuchota maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Angesema siku ile, ndugu zangu! Lakini kila siku aliyonyamaza ilifanya ya kesho iwe nzito zaidi. Aliogopa kumwambia mkewe, kumwambia Msaidizi "basi" ikawa hatari, na hata kuizima simu asingeweza, kwa kuwa ikizimwa, picha zinaruka. Mapacha wakimvuta mkono wacheze, anashtuka kama aliyeguswa na moto.

Kilichomvunja ni mzee mmoja, dereva mstaafu, aliyekuwa kikosini tangu mwanzo. Huyu alikuwa akicheza pamoja na mkewe. Mkewe akafariki, na mzee akaendelea kumweka mchezaji wa marehemu kando ya wake ndani ya gemu, akiwa na jina la mama huyo na vazi alilolichagua mwenyewe. Wawili hao walitumia akaunti moja. Msaidizi akaitaka hiyo nayo, na Jemadari akaitoa.

Baada ya siku chache mzee akamtumia ujumbe wa sauti. "Jemadari, mwanangu, akaunti imeniponyoka. Gemu si kitu. Ni huyu mama, sijui wamempeleka wapi. Wewe ndiye pekee ninayekujua huko. Nisaidie."

Aliusikiliza karakanani, kinyago cha kuchomelea usoni, akaurudia mara nyingi bila kukivua. Kisha akafunga kazi adhuhuri, akarudi nyumbani. Mkewe alikuwa anapiga pasi.

"Mama Mapacha, zima pasi ukae."

"Kuna msiba?"

"Mimi ndiye niliyetoa akaunti yako."

Akamwaga yote. Nami upande wa pili nilisikia sauti ya mkewe, ya chini kabisa: "Ulinitazama nikihangaika. Siku zote hizo ulikuwa unanitazama tu."

"Niliona aibu."

"Aibu yako ndiyo uliyoifunika kwa miili ya wateja wangu?"

 Nilidhani mkewe atafungasha virago. Badala yake alivaa viatu. "Twende," akasema. "Nyumba kwa nyumba. Na utasema wewe, kwa mdomo wako. Wa mbali tutawapigia."

Kwangu ndiko walikoanzia. Alisema yote bila kuniangalia, hata yale niliyokwisha kuyasikia ukutani. Nilishika kichwa, kisha nikatafakari, nikaona afadhali nimeyasikia kwao kuliko kuikuta picha yangu kwenye simu ya mtu. Wapo waliowatukana. Mmoja aliwamwagia maji ya kufulia, wakaenda nyumba iliyofuata wakiwa wamelowa.

Msaidizi alipoambiwa sasa basi, alitimiza ahadi yake. Picha aliyoitanguliza yule bibi harusi kabla ya kuja kupimwa aliituma kwa wakweze watarajiwa. Lakini binti alikuwa ameshawaeleza, na mama mkwe akamjibu mwizi: "Tumeshaambiwa, baba. Na gauni limemkaa." Harusi ikafungwa.

Si wote waliobahatika. Mteja mmoja hakupatikana kwenye simu siku ile; picha ilimfikia mumewe kabla ya maelezo. Mwanamke huyo yuko kwa wazazi wake mpaka leo. Mama Mapacha humtembelea, na mara nyingine mlango haufunguliwi.

Polisi walipokea taarifa, na mwizi hajapatikana. Akaunti ya mshonaji haikurudi. Jemadari aliwaandikia watu wote wa kikosi na kukiri. Mzee dereva alimjibu neno moja tu: "Nimesikia." Hakumwandikia tena. Mama Mapacha hakuondoka, lakini vile vicheko vya jioni sijavisikia tena. Nasikia cherehani, na mtu anayeosha vyombo taratibu.

FUNZO

Jirani zangu, tarakimu zinazoingia kwenye simu ni ufunguo wa nyumba. Usimpe mtu, hata ajiite msaidizi, hata akuite ndugu, na usitoe za mwenzako bila yeye kujua. Mlango wa mtandao ukikufungia, kasirika, lalamika, kisha uache. Hakuna gemu lenye thamani ya watu wa nyumbani mwako.

Na kama umeshakosea, sema leo. Mwizi yule hakuwa na kamba wala pingu. Alimfunga mtu mzima mwenye nguvu za kukunja chuma, na alichomfungia ni ukimya wake mwenyewe. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwenye siri ya namna hii chini ya paa lake, asisubiri jioni. Aende akamwambie mwenzake sasa hivi.